Tone Lililobaki Pembeni mwa Bakuli

Mkaguzi wa nyama alikuwa hali nyama. Watu wa Bunda walilijua jambo hilo, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wachinjaji walisema ameona mengi. Mama Supu, ambaye banda lake liliegemea ukuta wa machinjio, alisema ni maringo tu. Mimi nilipomuuliza mwenyewe, alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Wewe ukipewa kazi ya kusoma barua za watu, utatamani kuzila?"

Alikula ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi kuliko mnofu. Alikuwa mwembamba mpaka koti lake jeupe lilikaa kama limetundikwa ukutani. Wageni waliofika na ng'ombe wao kutoka mnadani walimpita wakamsalimia mchinjaji mwenye kitambi, wakidhani huyo ndiye mwenye muhuri.

Nilikuwa nachuna ngozi pale. Shule niliiachia darasa la sita, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi: nimevuta nyavu Makoko, nimepakia marobota ya pamba Bunda, nimechimba, nimeuza soksi. Machinjioni nilikuja kwa wiki moja. Nilikaa miezi kumi na moja, kwa sababu yake.

Kazi yake ilianza alfajiri na hakuwahi kuchelewa. Nyama ikishatundikwa, alikata shavu, misuli ya kutafunia. Kisha ulimi, kisha bega. Alitafuta minyoo ya tegu, ambayo mwanzoni inakaa kwenye nyama kama punje za mchele. Nilimuuliza kwa nini anakata hapo tu na ng'ombe ni mkubwa hivyo.

"Kwa sababu wanapenda misuli inayofanya kazi sana," alisema. "Kazi ikiwa nyingi, damu inakuja nyingi. Na wao wanakuja na damu."

Moyo aliuacha mwisho. Kabla ya kuukata alifuta kisu kwa kitambaa, ingawa hakukifuta kabla ya shavu wala bega. Niliuliza na hilo pia. Alisema, "Huu ni mwingine," akaendelea na kazi. Nilijua nikiuliza mara ya pili siku hiyo hiyo hatanijibu, na baadaye nikasahau kuuliza.

Alikuwa na tabia moja ambayo hata wasiompenda waliisifu. Hakuwahi kumuaga mtu akiwa amekaa. Awe diwani, awe mchuna ngozi, ukisema unaondoka alisimama, akakusindikiza mpaka nje ya uzio, akasema, "Hapa panatosha," akageuka. Hakupunga mkono. Siku ya mvua alitoka na buti zake za mpira akakusindikiza vilevile.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na hasira za karibu. Mtu akileta ng'ombe mwenye mimba ili achinjwe, machinjio nzima ilisikia. Kuna mfanyabiashara mmoja alileta jike jekundu lenye tumbo limeshuka. Mkaguzi akaweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, akakaa nacho hapo muda mrefu.

"Huyu ana mimba."

"Mzee, hayo ni mafuta," mfanyabiashara akasema. "Alikuwaga anakula vizuri sana."

"Mafuta hayapigi teke."

Tulicheka mpaka tukaachia visu. Jike jekundu lilirudi lilikotoka.

Wengine walipita kabla mimba haijajulikana, na hao ndio waliompa kile kitu kilichowafanya wachinjaji waogope ofisi yake. Kwenye rafu, kati ya faili na chupa ya wino wa muhuri, alikuwa na chupa ya kioo yenye dawa ya kuzuia kuoza, na ndani yake ndama asiyezidi urefu wa pingili ya mwisho ya kidole changu cha kati. Wachinjaji, watu wanaochinja kabla jua halijachomoza na kwenda kanisani Jumapili, walisema yule ndama ni wa mambo yake ya kichawi. Hakuna aliyeingia. Wakitaka sahihi waliita kutoka mlangoni.

Mimi niliingia. Sikuweza kutoingia.

"Afadhali mmoja," alisema, akaishusha chupa. "Haya, mura, unaona nini?" Huko kwetu mura ni kijana wa kiume, na aliniita hivyo hata nilipokaribia miaka arobaini.

Niliona kichwa kikubwa, mgongo wenye vipande vipande kama punje za hindi zilizopangwa, na vijiti vinne vifupi.

"Hivyo vijiti ni miguu," alisema. "Sasa nikuulize. Nyama ya mguu inaanzia wapi?"

"Mguuni."

"Hapana. Inaanzia hapa mgongoni, kwenye hivi vipande. Seli zinatoka hapa zinahama kwa miguu yao wenyewe, wakati miguu yenyewe bado haipo." Alifurahi na maneno yake, akayarudia. "Zinahama mpaka zinafika kwenye kijiti. Njiani bado hazijawa msuli. Zinajigawa tu, moja mbili, mbili nne. Zikifika, zinaamua."

"Zinaamua vipi?"

"Zinapata habari kutoka kwa majirani. Seli haina akili, lakini inasikia. Ikishasikia ya kutosha inaacha kujigawa. Hiyo ndiyo bei yake. Ikitaka kuwa msuli lazima iache kujigawa, na ikiacha, imeacha."

Nilitoka mle ofisini nikitazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Somo kubwa alinipa kwenye banda la Mama Supu. Ilikuwa asubuhi, kazi imeisha, nina bakuli la supu mbele yangu na yeye ana chai kavu. Akachukua kijiko changu bila kuomba. Juu ya supu yalielea matone ya mafuta, mengi, madogo, ya mviringo.

"Kila tone ni seli moja iliyokwisha kuamua," alisema. Akachukua pilipili yangu, akaipasua, akaangusha mbegu moja moja kwenye matone, kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa binadamu yeyote. Mama Supu akamwangalia.

"Mkaguzi, hiyo ni supu ya mtu."

"Ni ubao wa darasa, mama. Ngoja."

Akasukuma tone moja kwa ncha ya kijiko likagusa lingine. Yakawa tone moja refu. Akasukuma la tatu, la nne. Likawa kama mstari wa mafuta unaokatiza bakuli, na ndani yake mbegu zimejipanga.

"Ukuta umeondoka. Mbegu zimebaki, ndivyo viini vya seli. Huo sasa ni uzi mmoja wa msuli. Ukichana nyama iliyoiva unaona nyuzi, si ndiyo? Usidhani uzi ulizaliwa uzi. Ni wengi waliokubali kuondoa ukuta. Na ukishakuwa uzi haujigawi tena. Haurudi kuwa matone. Umekwisha."

Kulikuwa na tone moja dogo limeng'ang'ania ukingo wa bakuli. Halikuungana na mengine. Nikauliza, "Na hili je?"

Alifungua mdomo. Hapo hapo mtu akaita kutoka getini kwamba gari la bucha limefika na nyama haijagongwa muhuri. Akasimama, akaweka kijiko, akaenda. Nilikunywa supu, na lile tone nikalinywa pamoja nayo.

Alipenda kunilinganisha na zile seli, na haikuwa sifa. "Wewe bado unahama," alikuwa akisema. "Utahama mpaka lini? Kijiti chako kiko wapi?" Alinitafutia nafasi ya mafunzo ya mifugo. Aliniandikia barua. Nilimuahidi kwamba nitaenda, na wiki iliyofuata nikasikia kuna mwamba mzuri wa dhahabu Buhemba, nikafunga begi. Alinisindikiza mpaka nje ya uzio kama kawaida. Kabla ya kugeuka alisema, "Hapa panatosha," na safari hii nilisikia kama ananiambia mimi nimetosha.

Mtu aliyenisema hivyo, niligundua baadaye kutoka kwa Mama Supu, alikuwa na barua tatu mezani kwake za kuomba kwenda kusomea udaktari wa watu. Hakuzituma hata moja. Aliogopa kukosa, au aliogopa kupata, sijui. Alifundisha kuamua kwa sauti ya mtu anayejua gharama yake.

Buhemba nilikaa miaka miwili. Siku moja jiwe lilitoka ukutani mwa shimo likanipiga paja la kulia. Mfupa ulivunjika na nyama ikachanika. Nilipelekwa Musoma, nikafungwa plasta, nikakaa mtaa wa Kitaji kwa dada yangu. Plasta ilipokatwa, niliona paja ambalo halikuwa langu. Lilikuwa limekonda kama mkono wa mtoto, ngozi imelegea, na katikati kuna bonde pale jiwe lilipopiga. Niliutuma mguu unyooke. Haukwenda.

Dada alinipaka mafuta ya kondoo asubuhi na jioni. Mhudumu wa mazoezi wa hospitali, binti mvumilivu, alinipa mazoezi ya kufanya kila siku. Sikuyafanya. Wiki ya tatu akaniuliza kwa nini, nikamjibu kwa majivuno ya mtu aliyesoma kitu kimoja tu: "Seli za msuli hazijigawi tena. Zikishakwisha zimekwisha. Nimefundishwa na mtaalamu."

Niliamini. Sitaki kujitetea. Kwangu ile ilikuwa hukumu, na ilikuja na ushahidi. Nilikuwa mtu wa miguu, maisha yangu yote ni miguu, na mtu aliyejua nyama kuliko wote alikuwa ameniambia kwamba nyama haizaliwi mara ya pili. Nilianza kumuuliza dada bei ya magongo.

Mama Supu alipiga simu kunipa pole. Nikamwambia hayo hayo. Akacheka kidogo, akasema, "Mkaguzi wako huyo, hata supu ya mtu alishaharibu." Kumbe alimpelekea habari siku ile ile.

Kesho yake mchana mlango wa dada uligongwa. Alikuwa amesimama na koti lake jeupe amelikunja mkononi, buti za mpira kwenye mfuko wa plastiki, zinanuka machinjio. Hakusalimia.

"Nilikufundisha nusu," alisema.

Dada alimletea kiti. Hakukaa. "Shikamoo, mzee," dada akasema, na ndipo alipokumbuka adabu, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, akarudi pale pale. "Nilikufundisha nusu, na nusu ni mbaya kuliko kutofundishwa. Lile tone. Uliniuliza lile tone la pembeni."

"Nililinywa," nikasema.

"Najua ulilinywa! Ndiyo maana umelala hapo." Akavuta kiti, akakaa. "Sikiliza. Uzi haujigawi, hilo ni kweli, silirudishi. Lakini pembeni ya kila uzi, zimejibanza kwenye ngozi yake, kuna seli ndogo ambazo hazikuungana. Zimelala. Hazifanyi kazi yoyote, ukiziona utasema ni za bure. Uzi ukichanika zinaamka. Zinaanza kujigawa kama zile za mgongoni mwa ndama. Nyingine zinaingia kwenye uzi kuuziba, na nyingine zinarudi kulala kwa ajili ya siku nyingine. Na nyuzi zako ambazo hazikuchanika hazijafa, mura. Zimekonda kwa kukosa kazi. Unanielewa? Zimekonda."

"Sasa mbona hazijaamka?"

"Ziliamka siku ya jiwe. Zimefika zimekuta mwenye mguu amelala kuliko zenyewe."

Dada aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kanga.

"Na haya mafuta?" akauliza.

"Mafuta ni ya ngozi, mama. Mpake, atang'aa. Lakini hatatembea kwa kung'aa."

Akaniambia nifuate kila alichosema binti wa hospitali, neno kwa neno. Yeye hakuja kutibu, alisema, alikuja kurekebisha alichoharibu. Kisha akaweka vidole viwili juu ya paja langu, vidole vile vile vilivyopapasa nyama kila alfajiri.

"Uite huu msuli."

Nikakaza.

"Hujauita. Umekunja uso tu. Uite tena."

Nilikaza mpaka jasho likanitoka kwenye nywele. Hakuna. Akasubiri. Nikakaza tena. Chini ya vidole vyake kitu kikatetemeka, kidogo kama samaki anayegusa ndoano bila kumeza.

"Umeitika," akasema. Akavaa miwani, kana kwamba angeweza kuona.

Shamba lake lilikuwa Butiama, na kila Jumapili alikwenda huko. Tangu siku ile, badala ya kurudi Bunda moja kwa moja, alizunguka kwanza Musoma. Alikuja na mihogo, akakaa saa moja, akaweka vidole. Siku za katikati nilifanya kazi peke yangu. Nilikaza paja kitandani mpaka dada akilala mchana alinisikia nikihema. Baadaye nikahamia kwenye kiti: kusimama na kukaa, mikono imefumbatwa kifuani. Nilikuwa naiba, naweka uzito wote kushoto, naye akaona, akaweka buti lake juu ya mguu wangu wa kushoto, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. "Huyu apumzike," akasema. "Hana kesi."

Kuna Jumapili nilianguka na kiti, nikamtukana. Nilimtukana yeye, ndama wake na chupa yake. Aliinua kiti. "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Basi endelea, ulikuwa umefika mara ya sita."

Ilichukua miezi. Siku niliyotoka na gongo moja nikamsindikiza yeye mpaka barabarani, sikumwambia nilichokusudia. Nilipofika barabarani nilisema, "Hapa panatosha," nikageuka. Sikuangalia nyuma kuona kama amecheka. Dada alisema alisimama pale mpaka gari la kwanza likampita.

Paja langu halikurudi kama lilivyokuwa. Bonde bado lipo, ukiweka kidole linazama. Ndani yake kuna kovu, na kovu halijui kuvuta. Aliniambia hilo pia, kwa sababu baada ya lile kosa hakunipa tena nusu ya kitu. Lakini natembea, na nimeendelea kuhama: mwalo huu wa wavuvi, mgodi ule, tena kuvua.

Mwaka huu nilisikia amestaafu na anaishi Makoko kwa binti yake, na kwamba anaumwa, si kidogo. Nilienda mchana. Binti yake alinipokea mlangoni kwa sauti ya chini.

"Baba hasikii," alisema. "Moyo wake umepanuka. Daktari alisema asimame kidogo kidogo, apumzike. Yeye kila mgeni anataka kumsindikiza. Juzi alimsindikiza muuza dagaa."

Alikuwa kando ya dirisha, kwenye kiti cha mbao kilicholia kila alipojisogeza. Wembamba wake sasa ulikuwa wa aina nyingine. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mguu wangu kabla ya uso wangu.

"Unaniibia?"

"Siibi, mzee."

Tuliongea. Alitaka kujua niko wapi, nafanya nini, na nilipomwambia bado sijatulia, nikangoja ile hotuba ya kijiti. Haikuja. Alipapasa paja lake kwa vidole viwili.

"Nilikuwa nakusema vibaya," alisema. "Nilitaka uungane upesi. Lakini zile za pembeni, mura, zinafaa kwa sababu hazikuungana. Zote zingeamua siku moja, jiwe likianguka nani angekuja?" Kisha akaongeza, kwa ukali wake wa zamani, "Sisemi uwe mvivu."

Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelisahau kwa miaka, nalo likarudi nikiwa nimekaa pale, nikisikia pumzi yake.

"Mzee, ulikuwa unafuta kisu kabla ya moyo."

"Ndiyo."

"Ulisema ni mwingine. Na wenyewe una zile za pembeni? Zinazolala?"

Hakunificha. "Hauna. Au kama zipo ni chache mno, hazitoshi kuziba chochote. Moyo unaanza kupiga ndama akiwa kama harage, na haulali hata siku moja. Hauna akiba. Ulionao ndio huo." Akaweka kiganja kifuani, kama alivyokiweka ubavuni mwa lile jike jekundu. "Kwa hiyo lazima miguu iusaidie. Miguu ikiwa na nguvu, moyo haubebi peke yake. Zangu za pembeni zimezeeka, zinachelewa kuamka. Lakini ukiita sana zinasikia."

Binti yake alileta chai. Tulikunywa. Nilipoona amechoka, nikasema niende. Nikasimama upesi, nikamwambia, "Usisumbuke, mzee, kaa tu."

"Kaa tu?"

Alifumbata mikono kifuani. Binti yake akasogea. Nami nikanyoosha mkono bila kufikiri, naye akautazama mkono wangu mpaka nikaurudisha. Akainama mbele, akajaribu, akarudi kitini. Kiti kikalia. Akahema. Akajaribu tena, akafika nusu, magoti yakatetemeka, akarudi. Kiti kikalia tena. Binti akasema, "Baba."

Mara ya tatu nilimwona akifumba macho, na mdomo wake ukatamka bila sauti neno alilokuwa akiniambia Kitaji: uite. Akapanda polepole, akasimama.

Tulitembea hatua kumi na moja. Nilizihesabu. Kwenye kizingiti akashika fremu ya mlango, akatazama nje, ziwa likimeta kati ya nyumba mbili.

"Hapa panatosha," akasema, akageuka.

Sikuangalia nyuma. Nikavuka ua, nikasikia hatua zake zikirudi, zikisita, zikiendelea, kisha kiti kikalia. Amekaa. Nikafika getini, mkono wangu uko kwenye komeo, nikamsikia akihema kama anayejiinua.

Kiti kikalia tena.